Wenye Mitaji Waliotaka Kuona

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi, na ukishazipokea kaa chini unisikilize. Mimi ni bibi mzee. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini akili sikuiacha huko. Nimevumbua kitu cha jikoni. Ni kitu gani, hayakuhusu. Ninalalamikia watu watatu wenye mitaji waliokuja kwangu wakidai wanatafuta uvumbuzi wa kuugharamia.

1. Walitaka kuona. Watu wazima, wamefunga tai, wanaingia nyumbani kwa mtu na kutaka kuona! Mwenye kuona huiga. Hata hivyo mimi si mchoyo. Niliwageuzia viti vyao vikaelekea ukutani, nikawasha jiko nyuma ya migongo yao, nikawaonyesha kazi yote mwanzo hadi mwisho. Nilipowauliza wamekionaje, yule mnene, mkubwa wao, akasema, "Bibi, tumeona ukuta." Nikamsamehe. Mtoto wa watu, labda hakulelewa na nyanya.

2. Wakanituma ofisi ya kusajili uvumbuzi, eti nilindwe. Huko binti wa dirishani akataka mchoro. Nikachora vizuri, nikaufuta vizuri, nikampa karatasi. Akaniuliza agonge mhuri wapi. Anakula mshahara, na kazi yake namfundisha mimi.

3. Kwa kukosa ulinzi ilibidi nijilinde. Nimekifungua kitu changu vipande vipande, nikavitawanya. Fundi bati anadhani ametunza tundu la ndege. Fundi viatu nimemwambia ni dawa ya mgongo. Mkwe wangu hakuuliza, maana ana adabu. Sasa hakuna mwizi duniani awezaye kukiiba kizima.

4. Hao wenye mitaji wanarudi Ijumaa, kwa mara ya mwisho. Wasiporidhika mtaji unakwenda kwa jirani yangu Mzee Kelele, mwenye kigoda cha kukunja kinachofinya watu. Kwa hiyo naomba uandike gazetini kwamba kitu changu ni kizuri, nao watoe mtaji kwa kuamini. Marehemu mume wangu aliniposa kwa sifa za shangazi yake tu, na hakulalamika hata siku moja mbele yangu.

Nisalimie mkeo, wanao, na anayekupigia chapa, mwambie asisome.

Ni mimi, mwenye akili yangu,
Bibi wa Nyumba ya Kona

Nyongeza: Leo nimevikusanya vile vipande nikaviunga, nikajaribu. Kimebaki chuma kimoja chenye mkia, sijui kinaingia wapi. Kitu chenyewe ni mfuniko wa sufuria wa kuzuia maziwa yasifurike. Una mdomo juu, springi katikati na miguu miwili ya waya. Msomaji yeyote mwenye mkono mwepesi aje kabla ya Ijumaa anisaidie, mlango uko wazi kutwa. Ila aje na maziwa yake. Yangu yako sakafuni.