Mkono Mmoja Usio na Adabu

Ofisi ya Huduma kwa Wazee mjini Jeonju ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba imepata mkono wa roboti unaoweza kulisha watu uji. Papo hapo ikaunda kamati ya kuchunguza kama mkono huo una adabu.

Myeong Da-on, mhandisi aliyehitimu juzijuzi tu, aliona kamati ni jambo jema. Alitaka kitu kimoja: mkono upitishwe, uende nyumba ya wazee, ambako Bibi Ok-bun, aliyepooza mikono, alikula uji uliokwisha kupoa kwa sababu walishaji walikuwa wachache.

Kazi ilikuwa kujua kila kiungo cha mkono kipinde kiasi gani ili kijiko kifike mdomoni. Hilo Da-on aliiachia programu ya lugha: unaieleza kwa maneno ya kawaida, inapiga hesabu, inajaribu, ikikosea inajirekebisha. Kijiko kilifika bila kumwaga hata tone.

"Kimefika kwa mkono mmoja," Mkurugenzi Pyo, mkuu wa kamati, alisikitika. "Binti, kwenu mkubwa anapewa kitu kwa mkono mmoja?"

"Mheshimiwa, mkono wenyewe ni mmoja."

"Hiyo ni shida ya ufundi. Mimi nashughulikia heshima. Mkono wa pili ushike kiwiko, kama watu wanavyofanya. Na mwenye umri mkubwa aanze kula. Iambie hiyo programu, si inajua kila kitu?"

"Basi tununue mkono wa pili."

"Bajeti imeishia kwenye kamati."

Da-on akaiandikia programu masharti yote, kwa moyo mweupe kabisa.

Siku ya majaribio, Bibi Ok-bun aliletwa kwenye kiti chake cha magurudumu ili picha zipendeze. Mkurugenzi alikaa mbele ya uji wa maboga uliokuwa ukifuka moshi, mdomo tayari.

"Naomba umri wenu," spika ya mkono ikasema.

"Sitini na moja!" Mkurugenzi alijigamba.

"Tisini na mbili," Bibi akadakia kutoka nyuma.

Mkono ukachota uji, ukampita Mkurugenzi, ukasimama hewani mbele ya Bibi.

"Mkono wa pili umepatikana humu humu chumbani," spika ikaendelea. "Mheshimiwa Mkurugenzi, wewe uko karibu zaidi. Tafadhali nishikie kiwiko."

Kamera zote zikamgeukia. Akainuka, akainama, akashika.

Bibi alimeza, akafumba macho. Uji ulikuwa wa moto. Da-on akageukia ukutani kufuta machozi.

"Inua kidogo, kijana," Bibi alimwambia Mkurugenzi. "Na usitetemeke."

Kamati iliupitisha mkono kwa kauli moja, kama ulivyojaribiwa. Kesho yake asubuhi, saa ya uji, Mkurugenzi Pyo aliripoti kazini nyumba ya wazee.