Mimi Si Jina la Mtu

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mlangoni kwangu mwenyewe, na aliyeniadhiri nimemzaa mie.

Naanza mwanzo, ili mkitafuta wa kulaumu mumpate mapema. (Ni mie. Msihangaike.)

Nina binti, Nasra, yuko chekechea. Ni mkarimu kupita kiasi. Mtu akisema "hodi", yeye kashasema "karibu" na mlango kaufungua. Muuza vyombo, karibu. Msoma mita, karibu. Mwezi uliopita nilikuwa bafuni, na bafu letu liko uani, natoka namkuta mwanamume nisiyemjua kakaa sebuleni anakunywa maji, na Nasra anamwonyesha sehemu tunayochajia simu. Mtu wa watu alikuwa kakosea nyumba tu. Akaomba radhi, akaenda zake. Lakini habari ilifika Chamazi kabla kikombe hakijakauka.

Chamazi ndiko anakokaa mama mkwe. Akampigia mwanawe simu: mtoto aje akae kwake, maana huko Mwananyamala hana wa kumwangalia. Mume wangu mbele ya mama yake huwa anarudi darasa la pili. Akajibu, "Tutaangalia, mama." Kwa wasiomjua, "tutaangalia" yake ni ndiyo. Mama mkwe akasema Jumamosi atakuja mwenyewe. Akikuta mambo ni yaleyale, anaondoka na mjukuu wake na begi la shule juu.

Sasa mie mtoto wangu haendi popote. Nikaamua kumfundisha. Nimeishia kidato cha nne, na cheti changu hakionyeshwi wageni, lakini safari hii nilifundisha kama mtu aliyeahidiwa kupandishwa cheo. Kuosha mikono, akashika. Jiko ni la mama, mtoto haligusi, akashika. Mama akitoka nje, mtoto anasukuma komeo, akashika. Tukafika kwenye hodi.

"Mtu akipiga hodi unasemaje?"

"Karibu."

"Hapana. Unauliza, 'Nani?' Akisema 'mimi'?"

"Karibu."

"Hapana, Nasra. Mimi si jina la mtu. Kila mtu ni mimi. Hata mwizi ni mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini likaingia. Likabaki neno la siri, kwamba asiyelijua hafunguliwi, hata awe nani. Nikampa "nanasi", akasahau. Nikampa "tembo", akasahau. Nikachoka, nikamwambia atunge mwenyewe. Akatunga. Lilikuwa baya, sitaki kuwaficha, lakini hilo hakulisahau hata mara moja. Nikajisemea, nani atalisikia? Si ni la siri?

Basi, leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Nimefagia, nimedeki, nimebandika wali wa nazi kwenye jiko la gesi. Mgeni nilimtegemea baada ya adhuhuri. Nikatoka uani kuanua nguo. Nyuma yangu nikasikia komeo likisukumwa. Wallahi nilifurahi. Nikasema, huyo ndiye mwanangu.

Nikarudi na lundo la nguo mpaka kidevuni.

"Nasra, fungua."

"Nani?"

"Mimi."

Halafu ikaja sauti ya kiualimu, sauti yangu kabisa: "Mimi si jina la mtu."

Mama Kelvin, jirani yangu wa chumba cha pili, mtu wa Moshi, alikuwa kibarazani anachambua mchicha. Akauweka mchicha pembeni.

"Ni mama," nikasema.

"Mama nani?"

"Mama Nasra."

"Hilo mtaa mzima wanalijua. Jina la shuleni."

Hapa niwaeleze kitu. Tangu nihamie nyumba hii sijawahi kumtajia mtu jina langu, na nilikuwa na sababu. Nikasogea mlangoni.

"Sijali."

"Utaachaje kujali, Mama Nasra," akadakia Mama Kelvin, "na mtoto yuko ndani peke yake?"

"Ndilo jina langu."

"Jamani. Muda wote huu?"

(Alinipa babu. Alikuwa anasubiri mjukuu wa kiume.)

"Sawa," Nasra akasema huko ndani. "Neno la siri?"

Nikafungua mdomo. Na mdomo ukiwa hivyohivyo wazi, nikasikia nyuma yangu: "Hodi wenyewe."

Mama mkwe. Kawahi. Baibui limenyooka, mkononi mfuko wa mihogo, na macho yameshaanza ukaguzi kuanzia kwenye nguo nilizokumbatia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mnakaa nje kama mmehamishwa?"

"Mtoto kafunga, mama. Nimemfundisha asimfungulie mtu ovyo."

Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza samaki anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Akasogea mlangoni.

"Mke mwenzangu, nifungulie. Ni bibi."

"Bibi nani?"

"Bibi yako wa Chamazi. Nimekuletea ubuyu."

Hapo nikazikumbatia nguo kwa nguvu, maana ubuyu ndio udhaifu wa mwanangu. Akisema karibu, begi la shule linaondoka. Nikamsikia anameza mate.

"Ubuyu mpe mama anishikie," akasema. "Neno la siri?"

Mama mkwe akanigeukia. Alikuwa anatabasamu. Mara ya mwisho kuniangalia hivyo ilikuwa siku ya harusi, na hata siku hiyo nadhani alikuwa anamwangalia mpiga picha.

"Kumbe unamfundisha."

"Najitahidi, mama."

"Haya, mwanangu, sema hilo neno tuingie. Jua kali."

Nikahamisha nguo mkono wa kushoto. Nikakohoa. Nikasema neno analijua baba yake, tumsubiri.

"Muongo," sauti ikatoka ndani. "Mama unalijua."

Mama Kelvin akajifanya anafuta macho kwa kanga. Nami nilikuwa tayari kusimama pale mpaka baba mtu arudi kutoka kazini Wazo, jioni, na ikibidi kesho. Lakini mama mkwe akainua pua.

"Kuna kitu kinaungua."

Wali.

"Nasra, mwanangu, zima jiko. Zungusha kile kitufe."

"Mtoto hagusi jiko. Jiko ni la mama."

"Mimi ndiye mama."

"Sema neno."

"Basi kaa mbali na jiko."

"Niko mbali. Sema neno."

Madirisha yetu yana nondo, hata paka hapiti. Moshi ukaanza kuchungulia chini ya mlango. Mama mkwe akanishika bega, na safari hii hakuwa na mzaha. "Sijali, mtoto yuko ndani na moto. Sema."

Nikaweka mdomo kwenye tundu la kitasa nikanong'ona.

"Sisikii."

Nikaziacha nguo zianguke. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti, na mama mkwe kasimama hatua moja kutoka kwangu:

"Bibi Chamazi anakoroma kama jenereta."

Hata kuku wa Mama Kelvin walisimama.

"Na mlio," Nasra akasema.

"Nasra, tafadhali."

"Bila mlio hata mwizi anaweza kusema."

Ndugu zangu, nikakoroma. Nikakoroma kisawasawa, na ule mkwamo wa katikati pale jenereta linapoishiwa mafuta, na ule mlio wa kuwaka upya. Komeo likafunguka.

Nikapita mbio, nikazima jiko, nikafungua madirisha. Sufuria imekuwa nyeusi ndani na nje. Nasra alikuwa kajibana pale pale mlangoni, mbali kabisa na jiko. "Shikamoo, bibi," akasema, na mkono tayari uko kwenye mfuko wa ubuyu. Kisha akaurudisha, akaenda kuosha kwanza.

Mama mkwe akakaa. Akavua ushungi taratibu, akaukunja.

"Nani katunga lile neno?"

"Mtoto, mama."

"Huyu ni mke mwenzangu. Kunitania ni haki yake." Akanigeukia. "Na mlio kafundishwa na nani?"

Nikaenda kuokota nguo nje. (Mie. Nilimwonyesha mara moja tu, tunacheka. Sikujua atauweka kwenye mtihani.)

Niliporudi alikuwa jikoni anachemsha mihogo aliyokuja nayo, maana chakula kingine hakikuwepo. Hakugeuka.

"Mtoto anabaki hapa," akasema. "Aliyekataa ubuyu wangu haibiwi na mtu. Baba yake nitampigia mwenyewe."

Nikasema ahsante, mama, ahsante sana.

"Ila neno libadilishwe leo hii. Na natunga mie."

Wakajifungia chumbani, yeye na mke mwenzake. Nikawasikia wanacheka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Wakatoka, nikasomewa neno jipya, nikafanyishwa na majaribio mara kadhaa mbele ya Mama Kelvin, aliyekuwa kaja kuazima chumvi ambayo najua anayo.

Neno lenyewe siwaambii, nami nimeshajifunza. Niseme tu kwamba linahusu upishi wangu, na lina kikohozi katikati. Mtoto wangu yuko nyumbani kwake, na kwa hilo nitakohoa mpaka amalize darasa la saba. Kwa hiyo mkipita Mwananyamala mkamwona mtu mzima, kikapu mkononi, anajitukana kwa sauti mbele ya mlango uliofungwa, msinicheke. Naingia kwangu.