Mgeni wa macho matatu aliyepewa jina langu

Leo nimejivua nguo mbele za watu, na shati nilikuwa nimelifunga mpaka kifungo cha juu.

Naandika mapema kabla Bakari hajawatumia sauti humu kundini. Yule atawaongezea chumvi.

Asubuhi nilikwenda Nachingwea kuangaliwa mguu. (Ule ule uliobanwa na kifusi machimboni, mwaka wa sita huu. Daktari kasema nizoee. Nimeshazoea mangapi!) Wakati wa kurudi, bodaboda kanishusha hapa Nkowe, mvua ikamwagika. Pa karibu pa kujificha palikuwa kibanda cha video cha Bakari. Nikaingia.

Bakari mnamjua. Anaweka picha ya Kizungu, anashika kipaza sauti, anatafsiri huku inakwenda. Na ana tabia yake mbaya: watu wa kwenye picha anawapa majina yetu.

Leo ilikuwa ya viumbe wa sayari nyingine. Ngozi ya kijani kama boga changa, macho matatu kila mmoja. Chombo chao kimetoboka huko juu, hewa inaisha. Mmoja kabanwa na chuma chumba cha nyuma. Nahodha akifunga mlango, yule anakufa, arobaini wanapona. Asipofunga, wote kwisha.

Bakari kaniona nakaa. Akachangamka.

"Jamani, huyu aliyebanwa ni Mzee Issa!"

Kibanda kizima kicheko.

"Na nahodha je?" mmoja akauliza.

"Selemani!"

Hapo kicheko kikakatika. Selemani mwenyewe alikuwa benchi la mbele! Huyo ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu Zainabu. Ndiye aliyeshika kamba juu ya shimo siku udongo uliposhuka. Aliiachia akakimbia, yeye na Hashimu, mwenzetu wa machimboni aliyeishika naye. Mimi nilifukuliwa kesho yake na watu wa Likunja ambao hata siwajui. Hayo nimeyasema msikitini, harusini, misibani. Salamu yake sipokei mpaka leo.

Ningetoka, lakini mvua. (Tena nilitaka kuona kama atafunga. Sifichi.)

Nahodha kaweka mkono kwenye kitufe. Analia kwa macho yote matatu. Mimi nimeshasimama, nilisimama saa ngapi sijui.

"Usifunge! Selemani, usifunge!"

"Mzee Issa, kaa chini, unatuziba!"

"Si yumo ndani ya runinga huyu? Huku nyuma katokea wapi?"

Mara yule aliyebanwa akafungua kinywa. Bakari akatafsiri, sauti ya huzuni kabisa: "Mzee Issa anasema, fungeni! Niacheni, nendeni!"

"Mwongo wewe! Hajasema hivyo!"

"Mzee wangu, Kiingereza umekijua lini? Si uliishia darasa la tatu?"

"Hajasema! Hakuna mtu anayesema hivyo!"

Nikavua kandambili nikarusha. Nilimlenga Bakari. (Shabaha yangu kama mguu wangu.) Ikampata Selemani kisogoni, paa!

Mvua tu juu ya bati. Selemani akaiokota, akapita katikati ya mabenchi taratibu, akainama akaiweka mbele ya mguu wangu mbovu. Hakuniangalia. Akamgeukia Bakari.

"Alisema," akamwambia. "Mimi nilimsikia."

Hakuna hata mmoja mle ndani aliyedhani anazungumzia picha.

Na ni kweli, nilisema. Udongo ulipoanza kushuka nilipiga kelele kutoka chini: "Achieni kamba, kimbieni!" Miaka yote nikihadithia, hapo naparuka. Nilidhani hawakusikia. Au nilitaka iwe hawakusikia.

Nimetoka na mvua ile ile, kandambili mkononi, mguu mmoja peku, watu arobaini wananitazama mgongo. (Sikuwahesabu. Lakini walionekana arobaini.) Mlango wa kibanda ukafungwa nyuma yangu. Eti mvua isiingie.

Basi naomba asicheke mtu. Na atakayemwona Selemani, au yule Hashimu, awafikishie hili tu: nilisema kimbieni. Sikusema msirudi.