Yah: Ombi la Kurejeshewa Mume Kutoka Chumba cha Chembe Sahani

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta ofisini. Mimi ni mshona nguo, mke halali wa mtumishi wako wa benki ya damu, yule mrefu mwenye kipara anayetunza chembe sahani. Kama umesahau, hizo ni zile chembe za damu zinazoziba kidonda kisiendelee kuvuja, nazo hukaa kwenye mifuko ya majimaji ya manjano. Mimi siwezi kusahau kwa sababu nahadithiwa kila siku mezani. Huu ni mwaka wa tisa tangu umhamishie huko. Maji yamenifika shingoni, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mifuko hiyo hulazwa kwenye mashine inayoitikisa polepole usiku na mchana, ili chembe zisishikamane. Sina ugomvi na hilo. Lakini nimemzalia mtu huyu watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyembembeleza dakika tano. Alikuwa akisema mtoto akizoea kubebwa atadeka. Mfuko je, haudeki?

2. Chumba chao kina kiyoyozi, nyuzi ishirini na mbili, hazipandi hazishuki. Mara kadhaa kwa siku mume wangu husoma kipimajoto na kuandika daftarini. Mwezi uliopita nilishikwa na homa siku tatu. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso mara moja, akasema nitapona, akaenda kusoma kipimajoto chake.

3. Chembe hizo hazitaki friji, na maisha yake ni siku tano tu. Basi na nyumbani kwangu sheria ikawa hiyo hiyo. Aliyatoa maziwa kwenye friji akidai baridi inaua, yakachacha. Akamwaga mchuzi wa jana, kwa sababu siku tano alizihesabu tangu nyanya zilipochumwa.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Jumamosi iliyopita walikuja watu kumposa binti yetu, kitinda mimba. Tumeketi, mshenga ameanza kusafisha koo, simu ikalia: mashine imesimama. Baba mtu akainuka, akawaambia wageni kuwa ana wagonjwa wake hawajiwezi, akatoka na kandambili. Wakwe wakabaki wanaangaliana. Mshenga akayameza maneno yake pamoja na chai. Wamekubali kurudi Jumamosi hii, lakini wamesema wazi kwamba hakuna mara ya tatu. Binti yangu hapati usingizi, na mimi nimeumia.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama umpe mume wangu ruhusa Jumamosi nzima, na simu yake ibaki kwako. Ama unipokee mimi kwenye hiyo mashine. Nina kilo sabini na nne, nitajikunja. Mnibandike lebo, mniandikie tarehe, mnitikise polepole, na mume wangu awe anapita kunitazama. Siku tano zinanitosha. Hata mbili si haba.

Nisalimie wauguzi wote, madereva, mama wa usafi, mlinzi wa getini, na hata mashine yenyewe, maana mke mwenza naye husalimiwa.

Wako, ambaye subira yake imebaki ya kupimwa kwa kijiko,

Mke wa mtunza chembe

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe leo Ijumaa. Nikisubiri kwenye benchi, alifika mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka sita yuko wodini, anatoka damu puani haikomi. Mume wangu akamkabidhi muuguzi mfuko wa mwisho. Kisha nikamwona kupitia kioo cha mlango, amesimama mbele ya mashine inayotikisa trei tupu, kama mtu aliyefiwa. Sijawahi kumwona vile. Nikaingia chumba cha pili wanakotolea damu, nikanyoosha mkono. Usishangae mwandiko huu, mkono wa kuandikia una bandeji. Wameniambia mfuko wangu ukishakuwa tayari utalazwa trei ya juu.

Tafadhali futa lile ombi la ruhusa. Kesho asitoke humo hata nyumba ikiungua. Wageni nitawapokea mimi na kaka yangu, na wakiuliza baba wa binti yuko wapi, nitawaambia yuko kazini, anambembeleza mkewe.