Roshani ya Bi Amparo na Koki Zangu Zisizovuja

Jumatatu, 5 Agosti

Siku njema! Kibao changu cha kutafuta mtu wa kubadilishana nyumba kimening'inia mlangoni tangu Pasaka, na hakuna aliyekijali ila nzi. Leo kimesomwa. Kimesomwa na Mzee Serafín, mstaafu wa reli, mtu mpole, kofia mkononi. Yeye na mkewe, Bi Amparo, wana nyumba ghorofa ya juu kabisa, kileleni mwa mtaa, yenye roshani inayotazama barabara. Wanataka chumba cha chini. Anasema magoti ya bibi yamechoshwa na ngazi.

Roshani! Nimezaliwa katika ua huu wa Santiago na nimezeekea humu. Dirisha langu moja linatazama ukuta. Ninaujua ukuta ule kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Nataka kuketi juu na kikombe changu cha kahawa, watu wapite chini, waniamkie, nami niamue kuitikia au kutoitikia. Sijawahi kutaka kitu namna hii, hata ndoa.

Watakuja Jumamosi kukagua. Mzee kasema mkewe hajali rangi wala ukubwa, anajali mambo ya maji tu. Ataanzia bafuni.

Hapo moyo ukanishuka. Koki ya bafu langu imelika. Inavuja shingoni, inavuja mdomoni, na ukiifunga sana inavuja kwa hasira. Bomba la sinki nalo linadondoka mchana kutwa.

Baya zaidi: mlango wa pili anakaa Ubaldo, mpiga tromboni mstaafu. Naye ana kibao. Mzee Serafín alikisoma pia, akasema watapita kwetu sote wawili. Chumba cha Ubaldo na changu ni pacha, ila sinki lake halivuji. Limetulia kama mtawa. Sikulipenda hata kidogo.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekuwa fundi bomba. Hakuna aliyenifundisha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mpira wa koki haupo dukani. Muuzaji aliniambia nirudi mwezi ujao, kisha akamtazama mwenzake wakacheka. Basi ni kama kawaida yetu, unakatwa kwenye kandambili. Mimi navaa viatu vya ngozi. Lakini kwenye kamba ya uani palikuwa na kandambili za bluu za Migdalia, zimeoshwa, zinakauka. Mpira mnene, mzuri, wa zamani. Nikachukua moja. Mimi si mwizi. Mwizi angechukua zote mbili.

Migdalia ni dobi, na ndiye mkubwa wa ua wetu. Hatukumpigia kura. Hatukuthubutu kuuliza kura itapigwa lini.

Nikaazima spana kwa Ubaldo, nikaivamia koki ya bafu. Kumbe kwanza hufungwa maji ya tangi! Koki iliruka, ikanipita sikioni, na maji yakaifuata. Nikaziba kwa kidole. Nikaziba kwa kiganja. Mwisho nikaziba kwa kifua. Tangi zima likaishia sakafuni na mimi nimelikumbatia bomba. Migdalia akauliza kupitia mlangoni kama najifungua. Nikamjibu kwamba nafanya usafi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri sana. Mpira mpya chini, uzi wa pamba uliochovywa kwenye nta ya mshumaa ukazungushwa shingoni, nikakaza mpaka mishipa ikanitoka. Matokeo: haivuji hata tone! Ni kweli kwamba tangi ni tupu. Lakini ukimya ni ukimya.

Maji ya mgao kutoka barabarani yanatarajiwa Alhamisi. Nitajaza tangi, Jumamosi Bi Amparo ataoga akitaka.

Jumatano, 7 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Ubaldo alikuja kudai spana yake, akaona bafu langu, akasifu. Kisha akaniomba, kwa ulimi wake mwenyewe, nikampitishie mkono bomba la sinki lake kabla ya wageni. Eti lisije likamwaibisha.

Nilikwenda mbio. Nikalifungua, nikatoa mpira wake mzuri wa tairi la lori, nikaweka ule wangu wa zamani, mgumu kama mkate wa juzi. Nikafunga. Likadondoka. Nikamweleza kwamba bomba likitengenezwa huchukua siku chache kuzoea, kama kiatu kipya. Akaniamini! Akaweka sufuria ya bati chini yake, akanipikia kahawa. Nilikunywa vikombe viwili. Dhamiri haikunisumbua, kahawa ilikuwa na sukari ya kutosha.

Mpira wake sasa uko kwenye sinki langu. Kimya kabisa. Nampenda Ubaldo leo kuliko siku zote.

Mchana nikaligeukia bomba la katikati ya ua. Hili linataka maelezo kidogo kwa faida ya wajukuu, kama nitaoa. Mabomba yakikauka, bomba la uani huachwa wazi. Maji yakirudi hukohoa, hutema tope, kisha hunguruma kwenye beseni, na kila mtu popote alipo hukimbilia koki yake ya kujazia tangi. Kuziacha koki zetu wazi haifai, kwani maji ya kwanza ni udongo mtupu. Kwa hiyo ua mzima unaishi kwa kulisikiliza bomba moja.

Lakini tazama sura yake! Mdomo wazi, kutu hadi masikioni, halijafungika tangu enzi za marehemu baba. Bi Amparo ataingia uani, jambo la kwanza kuona ni lile. Nikalitia mpira wa kandambili uliobaki. Nikalifunga. Nikalikaza kwa mikono miwili na goti.

Sikumwambia mtu. Kesho nitakaa macho mwenyewe kando ya sinki langu, ambalo bomba lake hupokea maji ya tangi na ya barabarani pia, maji yakija nitawaita wote, nitaonekana shujaa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilikaa kando ya sinki tangu asubuhi. Nikala wali na maharage hapohapo. Macho yakawa mazito. Nikayafumba ili nisikie vizuri zaidi.

Nilizinduliwa na sauti ya Migdalia. Maji yalikuwa yamekuja na yamekwenda zake. Ua wa jirani walikuwa wamefua, wameanika, wamemwagilia hata maua. Kwetu watu walisimama kulizunguka bomba kama wanaoaga maiti. Migdalia, na marundo ya nguo za watu miguuni, alijaribu kulifungua likagoma. Akasema lazima limekazwa na mtu ambaye nguvu zake na upumbavu wake vinalingana. Akalifungua kwa nyundo. Ndani kikachungulia kipande cha mpira wa bluu.

Akakitazama. Kisha akautazama mguu wake. Tangu Jumanne amevaa kandambili moja.

"Eleuterio, baba," akaniita, taratibu kabisa. "Njoo unieleze kandambili yangu inatafuta nini ndani ya bomba."

Nilisema huenda ni watu wa idara ya maji. Hakuna aliyecheka.

Aliyepata maji ni mmoja tu. Ubaldo! Matone ya sinki lake yalianza kugonga ile sufuria ya bati kwa kasi mpaka yakamtoa kwenye usingizi wa mchana. Akajaza tangi, mapipa, ndoo na vyungu. Anasema hakupiga kelele kwa sababu alidhani sote tunajaza. Bomba langu nalo lingeniamsha, ila nililitengeneza vizuri mno. Ufundi una gharama zake.

Ubaldo akawagawia maji majirani wote. Mimi alinipa ndoo mbili. Nikakataa, siwezi kupokea maji ya mpinzani. Jioni nilipokwenda kuzichukua alikuwa ameshampa Migdalia.

Ijumaa, 9 Agosti

Kiu. Migdalia kapita mlangoni kwangu mara nyingi bila sababu, mguu mmoja na kandambili, mwingine peku, ili nisikie tofauti ya mlio.

Nimetafakari. Hali si mbaya. Tangi tupu halivuji. Bi Amparo atakagua, atakuta pakavu kama jangwani. Kwa Ubaldo atakuta aibu inadondoka kwenye sufuria. Nimefagia, nimepaka chokaa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Walikuja. Bi Amparo ni mama mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alipita chumbani bila kugeuza shingo, akaingia bafuni, akaweka sikio kwenye koki yangu kama daktari. Nikamwambia ajionee, hakuna tone. Akasema anaona. Akaishika koki aifungue. Ilinibidi nimsaidie kwa spana ya Ubaldo, ambayo bado sijairudisha. Ikafunguka. Haikutoka hata pumzi. Akaenda kwenye sinki, vilevile. Nikaendelea kuvisifu: mpira mpya, nta, uzi wa pamba.

Akaniuliza mara ya mwisho nimeoga lini. Nikamwambia mambo ya namna hiyo ni ya mtu binafsi.

Hapo sote tukasikia. Tik. Tik. Tik. Ukutani, upande wa Ubaldo. Nilitabasamu! Naandika haya ili nijue siku zijazo kwamba nilitabasamu. Nikamwomba radhi bibi kwa kero hiyo, nikamwambia ndiyo hali ya kwa jirani, yeye ni mtu wa muziki, hajui kutunza.

Bi Amparo alishatoka. Nilipofika kwa Ubaldo nilimkuta amesimama mbele ya sinki, mikono miwili chini ya bomba, anayapokea yale matone. Akanawa uso. Akamwita mumewe naye anawe. Mzee Serafín akavua kofia, akanawa hadi shingoni, akacheka kama mtoto. Ubaldo maskini akaanza kujitetea, kwamba bomba limetengenezwa juzi tu, bado linazoea.

"Usiliguse, mwanangu," Bi Amparo akamwambia. "Bomba linalodondoka lina maji. La kwetu kule juu halijadondoka mwaka mzima."

Kumbe maji hayapandi kule kileleni. Wao huteka chini, na mzee ndiye anayebeba ndoo ngazi zote zile kila asubuhi. Magoti mabovu ni yake. Alimsingizia mkewe kwa sababu aliona haya, na bibi akakubali kusingiziwa. Alipoyasema hayo alikuwa amemshika mumewe mkono, na mimi, sijui kwa nini, niliinama nikajifanya natazama sufuria.

Wakapeana mikono na Ubaldo palepale. Migdalia akaletewa kahawa awe shahidi. Akaniuliza, mbele ya watu, ni fundi gani hodari alilitengeneza bomba la Ubaldo. Ubaldo akanionyesha kwa kidole, kwa shukrani, machozi yakimlengalenga. Bi Amparo akanibariki.

Sikula jioni.

Jumatano, 14 Agosti

Makaratasi bado, lakini Ubaldo ameshapandisha kiti chake. Nilikwenda kuona. Ameketi kwenye roshani, watu wanampungia mkono kutoka chini, naye anawaitikia wote, hachagui. Tromboni iko magotini. Alinipungia mimi pia, akanikaribisha kahawa siku yoyote, mradi nije na maji. Niliumia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna asomaye hapa. Niliumia njia nzima mpaka nyumbani.

Jumapili, 18 Agosti

Basi! Mtu mwenye akili haliangukii shimo moja mara mbili. Nimelielewa kosa langu lote. Watu hawataki koki iliyonyamaza. Watu wanataka kuyasikia maji! Laiti ningelijua hilo mapema, leo mimi ndiye ningekuwa napungiwa mkono.

Na bahati imerudi. Jana kibao changu kimesomwa tena. Msomaji ni Bwana Anselmo, mrekebishaji wa zamani wa sauti za piano. Ana nyumba bondeni, maji tele, na roshani pana juu ya uwanja wa muziki. Roshani pana! Ataka kuiacha haraka kwa sababu ya kelele. Masikio yake, anasema, ni mepesi mno. Saa ya ukutani ya jirani imemnyima usingizi tangu Krismasi, na mkewe alimfukuza kuku mmoja tu waliyekuwa naye. Alinieleza haya kwa kunong'ona, pamba masikioni, akaniomba nami ninong'one. Anachotafuta ni mahali pa kulala.

Nilimnong'oneza asiwe na wasiwasi, ameniangukia mimi, mtu anayejua wateja wanataka nini.

Anakuja Jumanne. Jana maji yalikuja na safari hii nimejaza tangi hadi ukingoni. Nimetoa mipira yote, nimeichonga kwa wembe, nimeirudisha. Koki ya bafu inadondoka, sinki linadondoka, na chini ya kila moja nimeweka bati, ili Bwana Anselmo ayasikie vizuri tangu mlangoni.