Vita vya Nyaya Nne na Malkia wa Kijani

Enyi mliokaa vibarazani nanyi mnaopita njiani, wekeni chini vikombe vyenu, wanyamazisheni wanaokohoa kwa makusudi, mkasikilize habari za shujaa ambaye jina lake halitachongwa kwenye jiwe, kwa kuwa mkewe hataki vumbi la jiwe nyumbani. Hii ndiyo tarikhi ya Mzee Miwani Miwili, Simba wa Bisibisi, karani mstaafu aliyepigana na mihuri na mafaili aushi yake yote asipate hata mkwaruzo, na ya siku ile tukufu alipounga nyaya nne katika mtambo wa mashua uliomzidi umri.

Mtambo huo ulikuwa umeketi katika chumba cha wageni, mahali palipopaswa kuwa na kitanda. Zamani ulisukuma kivuko cha marehemu baba yake, na mlio wake ndio uliombembeleza utotoni. Kivuko kilioza, baba akaenda zake, mtambo ukanyamaza; na shujaa hakuwa na haja nyingine duniani ila kuusikia tena, japo mara moja. Kwa mapenzi hayo aliupaka rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka, tumboni, mgongoni, hata kwenye nati zisizoonekana na mtu, mpaka ukang'aa kama jani lililolowa mvua. Akauita Malkia. Mkewe akauita mke mwenza.

Basi ikawadia Jumamosi ya hukumu. Mama mkwe, mwenye goti bovu, alikuwa njiani, naye alitaka chumba, si kochi. Mke, Waziri wa Mambo Yote, alikuwa ametoa amri tangu asubuhi: mtambo ukiwaka kabla mama hajafika, utapewa nafasi kibarazani, usipowaka, utaondoka na Bwana Chuma. Na Bwana Chuma, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikwisha kuwasili. Mkokoteni wake ulisimama mlangoni kama jeneza lenye magurudumu, naye ameketi juu yake akinywa chai ya nyumba ile ile aliyokuja kuifilisi.

Shujaa akavaa miwani ya mbali juu ya miwani ya karibu, akainua bisibisi kama upanga, akanena: "Ewe Malkia uliyelala usingizi wa miaka! Leo nakuletea moto, uamke, uungurume, mataifa yatetemeke!"

"Mzee," mke akaita, "unaongea na nani?"

"Na historia, mama watoto."

"Iambie historia iinue miguu, nadeki."

Historia ikainua miguu, deki ikapita, vita vikaanza. Waya wa kwanza aliutoa kwenye betri akaufikisha kwenye swichi. Wa pili ukatoka kwenye swichi ukaingia kwenye koili, ngome ya shaba inayoupa umeme mnyonge ubavu wa kupiga cheche. Wa tatu ukatoka kwenye koili ukapanda kichwani mwa Malkia, penye kiwashio. Wa nne, mdogo wa wote na mwenye dharau kuliko wote, aliufunga kwenye nati ya kijani ubavuni, ili umeme ukishatumika urudi kwenye betri ulikotoka. Akabonyeza swichi. Akalikumbatia gurudumu zito la mtambo, akalizungusha kwa nguvu zake zote na nyingine za kuazima.

Malkia akasema, "Fwuuu."

"Huyo kakata roho, mzee wangu," akasema Bwana Chuma kwa upole wa mtu anayenusa faida. "Nipakie?"

"Nyamaza, ewe tai! Anavuta pumzi!"

Akakaza kila palipokazika, akazungusha tena. Fwuuu. Akabadili waya huu kwa ule, akapuliza, akabembeleza, akatukana kwa sauti ya chini. Fwuuu. Simu ya mke ikalia. "Mama yuko njia panda," akatangaza, na safari hii hapakuwa na mzaha katika sauti yake.

Shujaa akavua miwani yote miwili. Akaufungua waya wa nne ili aikabidhi maiti. Na kwa kuwa simanzi haikumbuki swichi, hakuizima. Alipouvuta, ncha yake ikakwaruza mwisho wa mhimili wa gurudumu, mahali pekee ambapo rangi ilikataa kushika kwa sababu ya grisi. Tss! Cheche nono ya buluu ikaruka kama panzi.

Mke akadondosha tambara la deki. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Nilikuwa nasalimu amri!"

"Hebu salimu tena."

Akasalimu tena. Tss! Ndipo Simba wa Bisibisi alipoketi chini, akashika kichwa, akalia: "Ole wangu! Ni mimi niliyemfunga! Nimemvika Malkia majoho mazito hata umeme ukakosa pa kupita! Rangi yangu, mikono yangu!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni lazima nimkwangue."

Akatwaa kisu. Kilipogusa ubavu wa kijani akakiondoa, kwa kuwa adui huchomwa na yeyote, lakini kuchoma kazi ya mkono wako mwenyewe kwataka moyo.

"Kwangua, baba," mke akasema taratibu. "Atapona."

Akakwangua. Kidonda hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Chuma kikang'aa, waya ukakazwa juu yake, gurudumu likazunguka.

Tuk.

Tuk. Tuk-tuk-tuk-tuk! Dirisha likatetemeka, vikombe vikacheza, Bwana Chuma akamwagikiwa chai. Kupitia bomba lililochungulia dirishani moshi mweusi ukatoka na kutua juu ya shuka jeupe la mama mkwe, lililoanikwa kwa heshima zote. Mke akalitazama shuka. Akamtazama mumewe aliyefumba macho, mdomo wazi, kama mtoto aliyelazwa kwenye sakafu ya kivuko. Akachagua kunyamaza, na waandishi wa tarikhi wote wakubali kwamba tangu walipooana jambo hilo halikuwahi kuonekana.

Bwana Chuma akasaidia kumhamishia Malkia kibarazani, akaondoka mikono mitupu na tumbo lililojaa chai. Siku hiyo ikaitwa Siku ya Ukombozi wa Ukucha. Mama mkwe aliposhuka, kabla goti halijapata kiti, alisimuliwa vita vyote tangu betri, akasinzia kwa heshima kwenye waya wa pili. Shujaa hakukatiza. Historia haingoji wasikilizaji.