Mfaransa Amekuja Kutuona

Jumatatu, 4 Agosti
Habari kubwa! Kocha Larribe yuko Homa Bay! Yule Mfaransa mzee aliyefunza Gabon, Benin, Madagaska, na nchi nyingine ambazo mimi nazijua kwa redio tu. Amekuja kupumzisha goti lake kando ya ziwa. Jumamosi atatazama mechi ya timu ninayoifunza, Masara, dhidi ya Rodi Kopany.

Mpango: nimemwambia Boaz, mwenyekiti wa timu yetu, kwamba najua Kifaransa. Nitakuwa mkalimani. Mfaransa atanipenda. Nchi inayofuata, msaidizi wake ni nani? Cephas!

Jumanne, 5 Agosti
Makori, kocha wa Rodi, amenunua suti. Suti, kwa uwanja wenye ng'ombe! Mimi nimeenda Suna kwa Abdihakim wa duka la hardware, aliyewahi kufanya kazi bandarini Djibouti. Amenifunza sentensi tatu za Kifaransa cha heshima. Mazoezi nimemwachia Robi, kepteni.

Alhamisi, 7 Agosti
Aibu. Mimi na Boaz tumemkuta Larribe kwenye baraza la gesti, goti limefungwa bandeji. Mkubwa kama kabati! Nikasimama wima, nikatoa sentensi zangu zote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema kwa Kiswahili, "unaniambia simiti imelowa. Ongea tu Swahili. Miye niliishi Lubumbashi myaka mingi."

Boaz akanitazama. Nikatazama ziwa.

Lakini hadithi zake! Nchi moja rais alimpigia simu wakati wa mapumziko kumchagulia mshambuliaji. Nchi nyingine alifukuza mbuzi uwanjani kila asubuhi, na mwaka huohuo akachukua kombe. Kufukuzwa kazi, amefukuzwa karibu kila mahali. Boaz akauliza kama haimuumi. Akasema inauma sana, lakini kila alipotoka aliacha vijana wanaojua kupeana pasi. Nilisahau kunywa chai yangu.

Mpango mpya: Jumamosi tutacheza mfumo wake mwenyewe, ule aliochukulia kombe. Mabeki watatu. Atalia kwa furaha.

Jumamosi, 9 Agosti
Hakulia. Vijana wangu hushinda wiki nzima kwenye mashimo ya dhahabu. Mabeki watatu hawajawahi kuwaona hata kwa ndoto. Mapumziko: Rodi tatu, sisi bure. Makori alikuwa anapangusa suti yake mbele yangu makusudi. Boaz akasema tukifungwa sita nitafute kazi nyingine.

Hapo mzee akashuka polepole na fimbo yake. Hakuchora chochote. Aliwauliza vijana majina yao, mmoja mmoja, akayarudia bila kukosea. Kisha akamuuliza Robi, "Kila siku munacheza namna gani?"

Robi akamweleza, huku akinikwepa kwa macho.

"Basi mucheze hivyo."

Kwani aliwapa nini? Walitoka pale kama watu wengine! Pasi, pasi, pasi. Tulifunga mara mbili, ya tatu ikagonga mwamba. Tumeshindwa 3-2, lakini watu wa Rodi wenyewe walitupigia makofi.

Baadaye akaniwekea mkono begani. Mkono mzito. "Hao vijana umewafunza wewe, na umewafunza muzuri," akasema. "Shida ni siku unataka kuwa miye."

Nilienda nyuma ya choo nikapangusa macho.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiria maneno ya mzee. Sasa nimeelewa kila kitu. Larribe hakuwa Larribe kwa kukaa kwao! Alitoka, akafunza ugenini, akafukuzwa.

Robi alikuja kuuliza kama kesho kuna mazoezi. Vijana wana hamu, hajawahi kuwaona hivyo. Nimemwambia asimamie yeye. Mimi kesho navuka mpaka kwenda Sirari kutafuta timu. Watanzania wakinichukua, mimi ni kocha wa kimataifa. Wakinifukuza kabla ya jioni, bora zaidi: hiyo tayari ni nchi ya kwanza.